Kitasa cha Sanduku la Mama

Baba yangu,

Matangani walikusifu mpaka nikaona haya. Walisema ulikuwa mpole, fundi, mtu asiyegombana na jirani. Mimi nilikuwa jikoni nikipakua pilau ya watu, nikanyamaza, maana maiti hasemwi vibaya. Sasa wageni wamekwenda zao, na mimi nina maneno yangu nawe.

Nianze na mazuri, usije ukalala ukidhani nimekudhulumu. Walipokupunguza kazini kule reli, wenzako walikaa barazani wakiilaani serikali. Wewe ulileta nyumbani mashine ndogo ya kuchonga chuma, uliyoipata kwenye karakana ya shamba la mkonge ilipofungwa, ukaiweka katika kibanda cha mabati nyuma ya nyumba yetu pale mtaa wa Sofia. Tulidhani utachonga vipuri vya magari, maana Voi haikosi gari bovu. Wewe ukaanza kupasua kufuli.

Hukuwa ukiziharibu. Ulikata dirisha ubavuni mwa kufuli, polepole, kisu cha mashine kikila shaba kidogo kidogo, mpaka tumbo lake likaonekana: pini ndogo zimejipanga, kila moja na urefu wake, kila moja na springi yake. Ukiingiza ufunguo, pini zinapanda, zinalingana, na kufuli inafunguka huku unaitazama. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sina shule wala kazi, na kile kibanda kilikuwa raha yangu. Ulinishikisha gurudumu la mashine, mkono wako juu ya wangu.

“Usisukume, mwanangu. Iache ikate yenyewe.”

Mzee Mwakio, jirani yetu, Mtaita wa Wusi, alikuwa akipitia kwako Jumapili akitoka kanisani, anafunga na kufungua kufuli ile ile kama mtoto. Siku moja akakuuliza, “Sasa hii ni ya kazi gani?”

“Ya kutazama,” ukamjibu. Tulicheka sote watatu. Nilikupenda sana siku ile.

Mama hakuingia kibandani. Mama alikuwa na sanduku lake, alilopewa na mamake Mombasa siku ya harusi, lililopambwa kwa njumu za shaba, na ndani ya kitasa chake mlikuwa na kengele. Ukizungusha ufunguo, inalia. Ufunguo aliufunga kwenye ncha ya leso, hata akilala. Kila kitu katika nyumba ile kilikuwa chako, Baba, redio, kiti cha barazani, hata saa ya kula. Sanduku lilikuwa lake.

Ulimwomba. “Mama Rukia, nipe nione hiyo kengele imekaaje.” Akakataa kwa adabu. Ukarudia, akakataa tena. Mara ya mwisho alikwambia, “Vitasa vimejaa madukani, Baba Rukia. Hiki niachie.”

Kisha nyanya akafa, na Mama akaenda Mombasa kuzika. Aliondoka na ufunguo wake. Nilirudi kutoka sokoni nikakuta sanduku liko kibandani limegeuzwa, umefungua bawaba za nyuma, nguo za Mama zimerundikwa juu ya gunia.

“Baba, Mama alishakataa.”

“Nitakirudisha kitasa kabla hajafika. Na akikiona atafurahi mwenyewe. Hebu nenda kachote maji.”

Nikaenda kuchota maji. Wewe ukakata. Katikati ya kazi kisu kiliigusa springi ya kengele, ikakatika. Ulisikitika kidogo, kisha ukakisugua kitasa mpaka kikang’aa kama kipya.

Mama alirudi na treni, macho yamevimba kwa kumlilia mamake. Hata buibui hajavua, ukamshika mkono, “Njoo uone.” Ukamwomba ufunguo, akakupa, sijui kwa nini, labda kwa uchovu. Ukauzungusha. Komeo likatembea vizuri ndani ya lile dirisha. Kengele haikulia.

Lakini Mama hakuwa akikitazama kitasa. Alikuwa akitazama kilichokuwa mkononi mwako, kimelowa grisi, ulichokuwa ukipangusia mashine. Ilikuwa kanzu ya Swaleh, ndugu yangu aliyenifuata, aliyekufa kwa malaria kabla hajajua kutembea. Mama aliishona kwa mkono, ya Idi, na Idi hakuifikia. Miaka yote ile ilikaa chini kabisa ya sanduku.

“Unajua hicho ulichoshika ni nini?” Mama akauliza, taratibu.

Ukakitazama. Ukakigeuza upande wa pili.

“Kitambaa.”

“Haya,” akasema Mama.

Hilo ndilo neno la mwisho alilokwambia.

Aliifua kanzu kwa sabuni, kwa majivu, kwa ndimu. Grisi haikutoka. Akaianika, akaianua, akaikunja. Jioni akapika kama kawaida. Ulipomsemesha hakujibu, ukadhani ni msiba. Baadaye ukadhani ni hasira, zitapoa. Ulimnunulia leso, akazipokea, akazivaa, asiseme ahsante. Hakudai talaka, hakurudi kwao. Chakula chako kilikuwa moto, shati lako limepigwa pasi, na mkeo hasemi nawe, mwaka baada ya mwaka.

Mimi nikawa mdomo wake. “Rukia, mwambie babako maji ya kuoga tayari.” Na wewe umeketi pale pale, unasikia. Siku moja nilikuonea huruma nikaongeza langu: “Mama anasema pole na kazi, mume wangu.” Uliinua uso ukanitazama, karibu utabasamu. Kisha ukasema, “Mama yako hajasema hivyo.” Toka siku hiyo hukuiwasha tena mashine. Vumbi jekundu likaingia kibandani likafunika kila kitu, na hukulifuta.

Ukapooza upande mmoja. Hospitali wakakurudisha nyumbani. Mama alikuosha, alikugeuza, alikulisha kwa kijiko. Hukunuka hata siku moja. Majirani wakasema, mke ni huyu. Siku yako ya mwisho, na ulimi wako mzito, ulimwambia, “Mama Rukia, sikujua ni nguo ya mtoto. Basi nitukane. Neno moja tu.”

Mama akakufuta kidevu. Kisha akanigeukia mimi.

“Rukia, mwambie babako uji unapoa.”

Nilikwambia, Baba. Ulifumba macho.

Nilimfuata jikoni. “Mama, mtu anakufa! Una moyo gani?”

Alikuwa akisuuza kijiko. Hakugeuka. “Swaleh alipokuwa akifa mikononi mwangu, nilimtuma mtu kwa babako, karakana ya reli, hapa hapa Voi. Mtu akarudi na jibu: mwambieni namaliza kazi kwanza.”

Nilikuwa silijui hilo. Nyote wawili mlilificha, kila mtu na sababu yake. Nilirudi chumbani nikakaa karibu nawe, na nilitaka kukushika mkono, na mkono wangu haukwenda. Alfajiri ukakata roho.

Mama amekaa eda yako yote, hakukosea hata kitu kimoja. Juzi imekwisha. Wanawake wa mtaa walikuja kumwogesha na kumfukiza udi, nyumba ikajaa. Alicheka, Baba. Alizungumza mpaka sauti ikamkauka. Alisimulia visa vya utotoni mwake Mombasa ambavyo sijapata kuvisikia. Mashine yako imeshaondoka, nimempa fundi wa gereji kule Mraru. Mke wa Mzee Mwakio, mtu mwema, akamshika goti akamuuliza kwa upole, “Lakini unamkumbuka, eh?”

Mama akamtazama, kikombe cha kahawa mkononi.

“Nani?” akauliza.

Wale wanawake walidhani hakusikia vizuri. Wakabadilisha mazungumzo.

Basi, Baba, katika nyumba hii wa kukukumbuka nimebaki mimi tu, na siku nyingine mimi pia huchoka. Mungu akupe alichokunyima Mama.

Binti yako,
Rukia