Mkanda Ulioachwa Ndani ya Kamera ya Baba

Kaka Elibariki,

Shikamoo. Naiandika kwa sababu mama alitufundisha mkubwa anaamkiwa hata kama amekukera, na wewe umenikera kupita kiasi. Natumaini u mzima, wifi hajambo na watoto wanaenda shule. Mimi huku Denmark nipo, mgongo unauma kwa kunyanyua wazee wa watu kutwa nzima, na baridi yao haina adabu. Basi, salamu zimetosha.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu zangu hupokei, na WhatsApp umenifungia. Anayekuletea bahasha hii nimemwambia asiondoke hapo Tengeru mpaka aone umeifungua.

Mwezi uliopita dada Naomi alinipigia analia mpaka maneno hayatoki. Eti umeng'oa masale ya mpakani kwake ukayapanda chini ya dirisha la jiko lake, na sasa migomba yake yote iko upande wako. Elibariki, masale! Kwetu mmea huo ndio mpaka, hata mtoto akichuma jani la sale kwa mchezo anachapwa. Ukasimama kwenye kikao cha ukoo, mzee wa kanisa mzima, ukasema mpaka uko hapo tangu enzi za babu, na kwamba baba hakumkatia Naomi kipande chochote, alimhifadhi tu kwa huruma alipofiwa na mumewe. Naomi alipowaambia mimi najua, ukacheka: "Huyo wa Ulaya anajua nini habari za kihamba, shamba la ukoo?" Na kweli sikuwepo siku baba anamkatia, nilikuwa nimeshaondoka, nilisimuliwa tu kwa simu. Hakuna karatasi, baba hayupo, mama hayupo. Wazee wakamwamini mtoto wa kwanza wa kiume. Naomi wamempa mpaka Pasaka awe amehama.

Sasa nisikilize. Unaikumbuka kamera ya baba? Krismasi, ulipokuwa unatoa vitu chumbani kwake ili uingize wapangaji, ulimpa msafiri mmoja aniletee. Naomi aliniambia ulivyosema: "Mpelekee yule mwenye wazimu wa picha, kopo tu hilo." Hukuifungua. Wewe na haraka zako! Mimi nilipozungusha kile kishikio cha kurudishia mkanda nikasikia kizito. Kumbe mkanda umo ndani. Baba alikosa pa kuusafishia. Studio aliyoizoea pale Levolosi siku hizi inauza makava ya simu, basi akauacha humo mpaka akafa.

Niliuweka kabatini wiki kadhaa, naogopa kuuharibu. Naomi alipopiga simu ile, Jumamosi iliyofuata asubuhi nikaingia bafuni nikafunga mlango.

Najua unaniona mwendawazimu. Nina mashine ya kusafishia mikanda niliyoachiwa na mzee mmoja niliyemtunza, alikuwa mpiga picha enzi zake. Ni beseni refu la maji lenye mota. Mkanda unaufungia kwenye tangi, tangi unalilaza humo, mota inalizungusha mbele na nyuma, dawa kidogo tu inapita mkanda mzima. Tabu yote iko kabla ya hapo. Unaingiza mikono kwenye mfuko mweusi na kuuvingirisha mkanda kwenye gurudumu lake kwa kupapasa tu, na huu ulishakakamaa kwa miaka. Ulinichomoka mara mbili. Nikatukana, nikatubu, nikaanza upya. Nikauloweka maji kwanza ili dawa ishike sawasawa, nikamimina dawa, nikawasha mota.

Humo ndani huwezi kuchungulia, kaka. Nikapindua ndoo, nikakaa, nikasikiliza mashine inavyonguruma. Sikuwa nawaza mpaka wala kikao, nakuapia. Niliomba nimwone mama tu. Unajua hatuna picha yake hata moja ya maana. Ile tuliyoiweka juu ya jeneza tuliikuza kutoka kwenye kitambulisho, akaonekana kama mtu aliyekamatwa na polisi.

Nilipomaliza kuosha nikaunyanyua mkanda dirishani. Karibu picha zote zimeliwa na ukungu. Moja ikapona, nikaichapa siku hiyo hiyo.

Ni mama. Ameinama kando ya lile jiwe kubwa la ng'ambo ya migomba ya Naomi, lile ambalo greda lilishindwa kulisogeza, amekumbatia miche ya masale kama mtoto mchanga. Anacheka mpaka pengo linaonekana. Naomi yuko nyuma yake, bado na nguo nyeusi za msiba. Na mbele yao kuna mtu anachimba shimo la kupandia, shati limemlowa jasho, ameinua uso anaichekea kamera ya baba. Ni wewe.

Wewe, Elibariki! Nilikaa sakafuni nikalia kwa hasira. Nilikuwa najidanganya labda hukujua, labda hukuwepo. Kumbe mashimo umechimba kwa mikono yako, baba anakuangalia, halafu ukaenda kuapa mbele za watu kwamba hakuna kitu. Hivi ulilalaje? Ulimpaje Naomi mkono pale kanisani? Mtu aliyekubeba mgongoni! Sikujua nina kaka wa namna hii, na naona aibu hata kuandika jina lake.

Nakala moja ameshapelekewa baba mkubwa aliyeongoza kile kikao, na nyingine anayo Naomi. Usijisumbue kuzitafuta. Kama umebakiwa na haya hata kidogo, usingoje kuitwa. Chuma jani la sale, nenda nalo kwa Naomi umwombe radhi kama watu wa kwetu wanavyofanya, kisha ukayarudishe masale pale kwenye jiwe. Akikufukuza, rudi tena kesho yake.

Nisalimie wifi, simlaumu, najua nyumbani kwako hakuna anayeulizwa kitu. Wanao waambie shangazi anawapenda na sweta zao zinakuja. Mama mchungaji mshukuru kwa kumpa Naomi pa kulala wiki ile ya ugomvi. Wewe sina salamu yako nyingine.

Ndani ya bahasha nimekuwekea picha yako. Ni mama yako pia, siwezi kukunyima. Ningeweza kuikata ukabaki na sura yake peke yake, ni kazi ya mkasi mara moja. Nimekataa. Ukitaka mama akae sebuleni kwako, atakaa na masale yake kifuani, na wewe mbele yake unachimba. Siku wanao watakapouliza huyo mwenye jembe ni nani na alikuwa anafanya nini, uwajibu wewe mwenyewe.

Mdogo wako,
Rebeka