Toleo la 4.6

Hancock, Michigan
Jumatano, 12 Novemba

Dada yangu mpenzi Elma,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini wewe na shemeji Curtis hamjambo, na kwamba mgongo wako umeacha kukusumbua. Mimi ni mzima wa mwili, lakini tangu wiki iliyopita usingizi umenipaa na chakula hakipiti. Ningeweza kukupigia simu, ila naogopa. Ungeniuliza swali moja tu, nami ningekimbilia habari za hali ya hewa.

Kwanza mama. Amerudi nyumbani na anatembea. Kule hospitali aliwaambia wauguzi kwamba uji wao ungefaa kubandikia karatasi ukutani. Lakini tukibaki wawili huniuliza kama kweli siku ile alipoanguka alikula. Anasema anakumbuka kabisa alipasha moto pai ya nyama, akaila yote. Baada ya hapo anakumbuka sakafu ya jikoni na jirani yake, Bi Saari, akimwita kwa jina. Daktari alimweleza kwamba sukari ilishuka vibaya, kama ya mtu aliyejitia dawa ya kisukari bila kula. Basi mama ameamua kwamba akili inamtoka kama ilivyomtoka bibi. Ijumaa atatia saini karatasi za kuingia makao ya wazee, na nyumba itauzwa. Nawe uliniandikia kwamba ni heri akubali mapema. Sikulaumu, hukujua.

Sasa ile kazi yangu mnayoiita ya bure. Programu inayoongoza ile pampu inayomtilia mama dawa ya kisukari mwilini imeandikwa na watu wa kujitolea, na mimi ndiye ninayeifungasha ili wagonjwa waipate bila kuhangaika. Nina makapu mawili: toleo thabiti kwa wagonjwa, na toleo la majaribio kwa wanaopenda kuchokonoa. Kwa miaka kumi na mmoja tumeyatofautisha kwa namba ya pili, ile ya baada ya nukta. Ikiwa shufwa, toleo ni thabiti; ikiwa witiri, ni la majaribio. Mwezi uliopita likatoka la 4.6. Mwenzangu Desrosiers, wa Quebec, akaniuliza kama nimesoma tangazo la toleo hilo. Nikamwambia sita ni sita, kijana, acha woga. Akacheka, akasema haya mzee, saini ni yako. Nikatia saini, nikaliweka kwenye kapu la wagonjwa.

Mstari wa nne wa tangazo ulisema kwamba waandishi wameiacha desturi ile ya namba. Toleo la 4.6 lilikuwa la majaribio, na lilikuwa na kasoro: pampu ikizimika na kuwaka, programu inasahau dozi iliyokwisha kutolewa, inatoa nyingine.

Elma, mama alikula. Iliyosahau ni programu. Nilifungua kumbukumbu za pampu palepale hospitali nikaona dozi mbili, zimepishana dakika kumi na tisa. Nililiondoa toleo hilo saa ileile, nikawatangazia watumiaji wote, nikamrudishia mama la zamani huku nikimwambia nasafisha tu mashine. Watu mia mbili nisiowajua wameambiwa ukweli, na namshukuru Mungu hakuna mwingine aliyedhurika. Mama hajaambiwa, na leo ni siku ya nane. Naogopa hatanitazama tena kama mwanawe. Jana aliniomba nimsomee zile karatasi za makao. Nilizisoma zote kwa sauti, nikamwonyesha pa kutia saini.

Barua hii naipeleka posta kesho asubuhi, kisha naenda kwake moja kwa moja. Nimekuandikia wewe kwanza kwa sababu najijua: naweza kufika, nikanywa kahawa, nikaaga. Barua ikishatoka mkononi mwangu sitakuwa na pa kujificha.

Msalimie sana shemeji. Ukiipata hii, mpigie mama, hata kama mimi hutaki kunisikia. Akikwambia kwamba siku ile alikula, mwambie ni kweli.

Ni mimi mdogo wako,
Reino