Mimi Ndiye Niliyekuwa Ndani ya Mtego

Yaya Béa, dada yangu mkubwa uliyeko Kinshasa,

Sitakuuliza hali. Hali yako nimeisoma. Iko kwenye kijitabu ambacho makumbusho yenu ya sanaa yalituletea shuleni, nakala moja kwa kila mwalimu. Kwenye ukurasa wa tisa umesimama kando ya mtego wa samaki wa marehemu papa, baba yetu, umefunga kitambaa kizuri ambacho sikijui. Mkurugenzi wa shule aliponipa nakala yangu akasema, "Madame Nono, ona dada yako, anatupatia heshima." Nikacheka. Yalicheka meno tu.

Nakuonea wivu, Yaya. Nilianza siku ile ya warsha, na kijitabu hiki kimenirudisha pale pale.

Unakumbuka. Watu wa makumbusho walikuja Kisangani kwa siku tatu, kutufundisha walimu namna ya kutumia kazi za sanaa darasani. Siku ya kwanza walituweka mbele ya kinyago kimoja robo saa nzima bila kusema neno, kisha kila mtu aeleze alichokiona. Wewe na mimi tulikaa benchi moja, tukikanyagana miguu ili tusicheke. Jioni mkufunzi, yule mama mrefu, akatuagiza: "Kesho kila mutu alete kitu moja, kitu yenye mutu wa kwabo alitengeneza na mikono yake."

Njiani nilikwambia nitaleta ule mtego mdogo, wa mwisho ambao papa aliusuka kabla hajafa. Ulisema, "Iko muzuri, Nono." Basi. Asubuhi nilipoamka, msumari uko ukutani, mtego haupo, na wewe umeshatangulia.

Nilikukuta mbele ya ukumbi, unasimulia. Ulisimulia vizuri, hilo sikunyimi. Ulieleza kwamba mitego mikubwa ya papa, ile ya kushushwa kwenye maporomoko ya Wagenia, haikuweza kufungwa mkia na mtu mmoja. Mkono wa mtu mzima haufiki kule ndani kunakokuwa kwembamba. Kwa hiyo mtoto anaingia, anakaa ndani, anaipokea ncha ya kamba ya kekele, ile henzirani ya msituni, anairudisha nje kwenye nafasi inayofuata, na aliye nje anaivuta na kuifunga. Kisha ukasema, "Na mimi ndio nilikuwaka ndani."

Wewe, Yaya?

Mimi ndiye niliyekuwa ndani. Nilianza nikiwa na miaka mitano, nikaendelea mpaka mabega yalipokataa kupita. Alama za fito magotini ninazo mimi. Nilikuwa benchi la tatu, neno liko mdomoni, nikalimeza, kwa sababu hatukulelewa kumwaibisha mkubwa mbele za watu. Mkufunzi alitoa leso akapangusa macho. Haukupita muda wakakuita ukafundishe walimu pamoja nao. Nilikubebea begi mpaka bandarini. Mtego wa papa ulipanda nao botini, umeuweka mapajani. Mdomo wangu ulikutakia safari njema. Moyo ulikuwa unasema yake.

Sasa sikiliza. Ukurasa wa mwisho wa kijitabu ni wa masahihisho: mwalimu anaandika kilichokosewa, anauchana, anaurudisha makumbusho kabla hakijachapwa upya. Niliujaza siku ile ile. "Aliyekuwa ndani ya mtego si Béa." Nilijua ninachokifanya. Walikuchukua kwa sababu ya hadithi ile, na hadithi ikianguka, nawe kazi inakuponyoka. Nikautia ukurasa ule kwenye mkoba. Nikajiambia, kwanza nifundishe somo lenyewe, niwaonyeshe watoto jinsi linavyofundishwa na mwenye nalo.

Tonton, ami yetu mvuvi, alinisaidia. Aliniletea kutoka maporomokoni mtego mpya ambao mkia wake haujafungwa, akarudi kwenye kazi zake. Wanafunzi wangu wa mwaka wa nne walisukumana kuuona. Nikamchagua Merveille, msichana mdogo kuliko wote, akaingia. Nikasimama nje, nimejaa maringo, nikamwambia apitishe kamba.

Vidole vyake vikatokeza na ncha ya kekele. Nikaipokea. Na hapo, Yaya, mikono yangu ikakosa la kufanya.

Inazungushwa kulia au kushoto? Mara ngapi kabla ya kukazwa? Sijui. Yote ninayoyajua kuhusu kazi ile yanaishia kwenye ukuta wa mtego. Nje sikuwahi kukaa.

"Madame, nilishapitisha," akasema Merveille.

"Ninaona."

"Na weye unafanya nini?"

"Bon, ngoja kidogo."

Nikafunga, ikafunguka. Nikafunga tena, watoto wakaanza kucheka. Merveille akachoka kusubiri, akaweka jicho kwenye upenyo ili aone kinachonichelewesha. Jicho lile lilinimaliza. Nami niliona jicho hivyo hivyo, miaka yote ile, ila mimi nilikuwa upande wa ndani, na jicho lilikuwa lako. Kila nilipopitisha kamba ulichungulia. Nilikusikia ukimwuliza papa, "Papa, mimi nitaingia siku gani?" Naye akikujibu, bila hata kukutazama, "Weye uko mukubwa sasa, Béa. Bakia inje, ufunge."

Na kichwa cha samaki, umekisahau? Samaki wa kwanza wa mtego mpya, papa alikata kichwa akampa aliyekuwa ndani. Wewe uliyefunga kila fundo, mpaka vidole vikachubuka, ulipewa mkia. Nilikila kile kichwa nikiwa nimeketi mbele yako, polepole, nikinyonya mfupa mmoja mmoja. Nilifanya makusudi. Nilikuwa mdogo, lakini nilijua.

Kwa hiyo nimekata nilichokiandika kwenye ukurasa ule, nikaandika upya: "Walikuwa wawili. Ndani alikuwa Nono. Nje alikuwa Béa, na mafundo yote ni yake." Huo ndio nitakaoutuma. Waambie wewe mwenyewe, kabla haujafika. Sikuachii nafasi ya ndani, Yaya. Hiyo ni yangu. Lakini ya nje nimeirudisha kwa mwenyewe, na nadhani walimu wa huko watajifunza zaidi kwayo.

Usidhani wivu umeisha. Kitambaa kile bado kinaniuma. Mtego wa papa kulala Kinshasa, mbali na ukuta wetu, kunaniuma zaidi.

Mtego wa darasani umeegemea ubao, mkia wazi, samaki angeingia na kutoka bila hata kugeuka. Najua nikimwomba tonton atanionyesha fundo. Sitaki tonton. Likizo ikifika panda boti uje. Merveille ataingia, wewe utakaa nje, nami nitasimama begani pako niitazame mikono yako, ambayo sikuwahi kuiona ikifanya kazi. Kisha tutaushusha majini.

Kichwa cha samaki kitakuwa chako. Ila usikile polepole.

Mdogo wako, wa ndani ya mtego,
Nono