Taa Haijawaka

4 Machi

Mama,

Shikamoo. Nyonga inaendeleaje, umeanza kukaa kitini? Sisi huku wazima, isipokuwa Chiriku ana kikohozi, na hicho hakimzuii kuongea tangu anapofumbua macho.

Ningepiga simu, ila najua husikii, masikio yako umeyaacha kwenye kelele za kompresa ya karakana. Nakuuliza kwa kalamu, na usinicheke. Kwenye dashibodi ya gari iliwaka taa ndogo ya njano, mchoro wa tairi lenye alama ya mshangao katikati. Baba Chiriku akabonyeza kitufe kilicho chini ya usukani, akakishikilia, taa ikazimika. Akaniambia, "Umeona? Fundi wa nini tena." Upepo hakujaza. Na unajua kazi yake ni kupeleka abiria uwanja wa ndege, barabara ambayo watu wanakimbia mno.

Je, limepona kweli? Usimwandikie yeye. Bado hajasahau ulivyomwambia mbele ya ndugu zake kwamba anaendesha kama anafukuzwa.

Mwanao

---

11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nyonga ni ile ile. Nimelala chali naangalia dari, karakana nimeifunga, na daktari kanikataza safari kabisa. Mpe Chiriku maji ya uvuguvugu, na umwambie bibi yake anataka aipumzishe sauti kidogo.

Sasa sikiliza. Halijapona, limenyamazishwa. Kuna magari yenye kipimo ndani ya kila gurudumu. La kwenu si la hivyo, nililikagua mlipokuja. La kwenu linahesabu mizunguko tu. Tairi likipungukiwa na upepo linakuwa dogo kidogo, kwa hiyo linazunguka zaidi ya wenzake, gari likiona tofauti linawasha taa. Kile kitufe ni cha kubonyeza baada ya kujaza upepo, ili gari lijue kwamba kuanzia hapo hali ndiyo hii. Mumeo kakibonyeza matairi yakiwa na njaa. Kalifundisha gari kwamba njaa ndiyo shibe. Halitawasha taa tena mpaka mambo yawe mabaya sana.

Nimekutumia geji yangu ya kupimia upepo kwa mtu wa mabasi. Pima asubuhi kabla gari halijatoka, maana tairi likishapata moto upepo unatanuka na geji inakudanganya. Fungua mlango wa dereva, kwenye nguzo kuna kibandiko chenye namba inayotakiwa. Usisome ile iliyoandikwa kwenye tairi lenyewe, ile ni mwisho wa uwezo wake. Toa kifuniko cha valvu, pale pa kujazia upepo, kandamiza geji wima, kwa nguvu, mara moja. Ukisikia mlio mrefu umeiweka upande. Pima yote manne, na la akiba.

Mama yako

---

19 Machi

Mama,

Shikamoo. Geji imefika salama, na harufu ya mikono yako imo, nilitaka kulia kama mjinga.

Nimepima. Kibandiko kinataka thelathini na tatu. Matatu yako kwenye ishirini na tatu, ishirini na nne, na la nyuma kulia ni kumi na tisa. Mara ya kwanza niliiweka upande ikalia pssss, Chiriku akaanguka kwa kicheko. Jirani mshona nguo akachungulia juu ya ukuta akauliza nafanya nini pale chini. Nikasema hakuna kitu. Sikutaka ifike kwa Baba Chiriku kupitia kwake.

Lakini nilimwambia mwenyewe jioni. Akasema, "Taa haijawaka. Gari linajijua kuliko wewe na mama yako." Hakukasirika, alikuwa anatania, akanifinya shavu. Ameahidi kujaza Jumamosi akipata nafasi.

Mwanao

---

24 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Leo sina salamu ndefu. Kumi na tisa kwenye barabara ya mwendo kasi si utani. Tairi linajikunja kila mzunguko, linapata moto kutoka ndani, halafu linapasuka. Kama Jumamosi imepita hajajaza, asingoje nyingine. Mwambie umeambiwa na mtu wa kituo cha mafuta, labda atamsikia. Mimi nitoe kwenye maneno yako. Ajaze, abonyeze kitufe, basi.

Mama yako

---

20 Aprili

Mwanangu,

Hamjambo huko? Hujanijibu, na hii ni barua ya pili. Jirani yangu alinipigia namba yenu akaniambia haipatikani. Kama kuna baya niambie, nikifichwa naumia mara mbili. Niandikie hata mstari mmoja.

Mama yako

---

2 Mei

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya. Baba Chiriku amefariki. Tumemzika.

Barua yako ya Machi ilifika siku moja kabla ya ajali, na Jumamosi ilikuwa imepita hajajaza. Asubuhi nikashuka tena na geji, la nyuma kulia lilikuwa kumi na saba. Nikamwambia kama ulivyonifundisha, kwamba mtu wa kituo cha mafuta ameliona. Akacheka akasema, "Na yeye ana jina la mama yako?" Abiria alikuwa anamsubiri. Akaangalia dashibodi, akasema taa haijawaka, akaondoka. Tairi lilipasuka kabla ya uwanja wa ndege. Abiria alitoka mzima.

Mshona nguo amewaambia wakwe kwamba aliniona nimechuchumaa kwenye magurudumu asubuhi ile ile, na siku nyingine nikitoa upepo, na nilipoulizwa nikakana. Shemeji anasema nilimuua kaka yake. Wamenitoa nyumbani. Chiriku wamebaki naye. Nimepanga chumba mtaa wa nyuma ili niwe karibu.

Mama, sijui niseme nini waniamini.

Mwanao

---

9 Mei

Mwanangu,

Pole, mwanangu. Pole sana. Ningekuwa na miguu ningekuwa hapo mlangoni kwako. Nimelia mpaka jirani akaja kuuliza kulikoni.

Sasa futa machozi ufanye hili. Gari liko wapi, polisi? Mwombe baba mkwe aende na fundi anayemwamini yeye, si wa kwetu. Waangalie matairi matatu yaliyobaki. Upepo ukitolewa asubuhi moja, tairi halibaki na alama. Lakini likikaa na njaa miezi, linaliwa kingo zote mbili mpaka zinakuwa laini, katikati meno yanabaki mapya. Hilo halifanywi na geji wala na mke. Hata mtoto akipitisha kidole ataona. Mwombe kwa heshima, usimjibu shemeji yako lolote.

Mama yako

---

30 Mei

Mama,

Shikamoo. Nashukuru kusikia kwa jirani yako kwamba umesimama kwa magongo, usijitie haraka.

Baba mkwe alikubali. Alikwenda na fundi wake, na mimi nikasimama nyuma yao. Ilikuwa kama ulivyoandika, kingo laini kwa yote matatu. Fundi akasema haya yameendeshwa hivi muda mrefu, huyu mama hakutoa kitu. Baba mkwe alipitisha kidole mwenyewe, mara mbili. Kisha akaniomba radhi, pale pale, mbele ya polisi. Shemeji naye ameacha kuniita muuaji.

Nikadhani nitaondoka na Chiriku jioni ile. Tulipofika nyumbani, mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho, akanitazama, akasema, "Kwa hiyo ulijua. Ulijua, ukamwacha mwanangu aondoke." Hakupiga kelele. Ni kweli, mama, siku ile funguo za gari zilikuwa mezani, nilikuwa karibu nazo kuliko Baba Chiriku, na sikuzichukua kwa sababu sikutaka ugomvi asubuhi.

Amesema mtoto hatalala kwangu. Baba mkwe hakumpinga. Yeye ndiye ananiletea Chiriku kila Jumamosi, anakaa mlangoni, kisha anamrudisha.

Chiriku siku hizi haongei sana. Jumamosi iliyopita aliniuliza, "Mama, ni kweli ulijua?" Nilijua nani kamtuma swali hilo. Nikamwambia ndiyo, nilijua.

Mwanao