Matundu Manane ya Chumba cha Uyoga

Jumatatu, 3 Julai 1972
Nimenyunyiza maji kwenye kuta za chumba cha uyoga mara mbili, asubuhi kabla ya kwenda kazini na jioni niliporudi. Kazi bure. Vipimajoto vyangu viwili viko ukutani, kimoja kimevishwa kitambaa kibichi. Vikisoma karibu sawa, hewa ina unyevu. Leo vimeachana sana. Upepo wa Uthiru mwezi huu ni baridi tena mkavu, na unaingia kwa matundu niliyotoboa kwa mikono yangu mwenyewe. Manne karibu na sakafu, manne chini ya mabati. Uyoga umepasuka vichwa. Hoteli ya mjini haitaki uyoga uliopasuka. Nimemfokea Felisita bila sababu. Mke wangu akininyamazia naudhika zaidi.

Alhamisi, 6 Julai
Nimepata dawa! Jiko la makaa katikati ya chumba, sufuria kubwa ya maji juu yake. Joto na mvuke kwa pamoja. Matundu yote manane nimeyaziba kwa magunia. Baada ya saa mbili vipimo vilikuwa vimekaribiana. Nani kama mimi?
Bwana Shee, karani mwenzangu, mtu wa Lamu, nilipomweleza ofisini alicheka. Ati uyoga nao unavuta pumzi kama mimi na yeye. Watu wa pwani wanajua nini kuhusu baridi.

Jumamosi, 8 Julai
Barua kutoka nyumbani. Mkwe, mama yake Felisita, anakuja Jumatatu kupimwa macho na daktari wa mjini.
Taabu ni malazi. Tuna chumba kimoja cha kulala, na mama mkwe hawezi kulala chini ya paa moja na mimi. Kwetu Kakamega hilo halisemwi hata kwa mzaha. Simpi mkono, sili naye, siingii anapolala. Majirani wamejaa. Kimebaki chumba cha uyoga, ambacho kiko peke yake huko nyuma, ng'ambo ya kamba za nguo.
Felisita aliuliza kama nitayatoa masanduku ninamooteshea uyoga. Ayatoe nani? Uyoga mpya ndio kwanza unachomoza. Nimeyasukuma upande mmoja, nimetundika pazia la gunia, kitanda kimeingia. Mle kuna joto kuliko kwetu. Atafurahi.

Jumatatu, 10 Julai
Amefika. Tulisalimiana kwa mbali, yeye kageuza uso upande wa ua, mimi natazama viatu vyangu. Aliniuliza habari za kazi kwa kupitia Felisita, na huku nasikia kila neno. Nampenda sana huyu mama. Alinikubali siku ambazo ndugu zake wote walinicheka.
Sasa chumba ni chake, mimi siingii tena. Felisita ndiye anayenyunyiza maji na kutia makaa. Namwelekeza nikiwa nje, mlango umeegeshwa. Inanikera. Anamimina maji kama anaosha sufuria.

Jumanne, 11 Julai
Felisita kaniletea uyoga niuone. Miguu mirefu, vichwa vidogo kama vifungo vya shati. Sijapata kuuona hivi. Nimetazama kijitabu changu cha kilimo. Kinasema hewa imekuwa nzito, fungua matundu.
Mkwe analalamika kichwa kinamuuma. Nimesema ni uchovu wa basi, na hii baridi ya Nairobi. Lakini Felisita pia, akitoka mle, anashika paji la uso na kukaa kizingitini kidogo.
Sipendi. Ila hoteli inataka uyoga Ijumaa, na nikifungua utapasuka wote. Siku tatu tu.

Jumatano, 12 Julai
Jioni nilizunguka nyuma ya chumba. Tundu la karibu na kitanda lilikuwa wazi. Gunia limesukumwa kutoka ndani, liko chini kwenye nyasi, na mvuke wangu unatoka hivi hivi. Nilijua ni nani.
Nikalirudisha. Nikaligongea kigingi kwa nje lisitoke tena.
Sijamwambia mtu.

Alhamisi, 13 Julai
Sitaki kuandika. Naandika hivyo hivyo.
Felisita alitoka mapema kupanga foleni ya maji bombani. Saa moja ikafika, mkwe kimya. Mtu ambaye jogoo humkuta ameshaamka! Niliita kutoka uani, Mama, Mama. Hakuna jibu. Nikaenda hadi mlangoni, nikashika kitasa, nikakiachia. Labda hajavaa. Mimi, mkwe wake, niingie vipi? Nikaamua kumngoja Felisita.
Nilisimama pale. Nilikuwa na kikombe cha chai ya maziwa mkononi. Ilipoa mpaka ikafanya ngozi juu.
Ndipo nikasikia mkoromo ambao si wa usingizi. Nikavunja komeo kwa bega. Makaa yalikuwa bado mekundu. Nilimbeba akiwa na shimizi tu, nikamlaza uani kwenye nyasi, nikapiga kelele kama mwanamke aliyefiwa. Jirani mwenye pikapu alitupeleka hospitali.
Daktari alisema ni hewa ya makaa, ile isiyoonekana. Aliuliza kwa nini chumba hakikuwa na hata tundu moja. Nikatazama sakafu.
Felisita aliniuliza kama niliingia mara tu nilipoona kimya. Nikasema ndiyo, mara moja.

Ijumaa, 14 Julai
Amefumbua macho. Ameomba uji. Asante Mungu, asante, asante.
Nimechomoa magunia yote. Lile la kigingi nimelichoma peke yake.

Jumapili, 23 Julai
Mkwe katoka hospitali. Analala na Felisita kwenye chumba chetu. Mimi nalala kwenye chumba cha uyoga, matundu wazi, upepo unanipiga masikioni. Masanduku nimeyamwaga shambani. Kumbe ilikuwa rahisi hivi. Kumbe mtu wa kulala humu tangu mwanzo ni mimi. Mjinga mkubwa.
Wazee wametuma neno. Nimemgusa mkwe, nimemwona asivyopaswa kuonwa, nipeleke kondoo na blanketi, yaishe. Nitapeleka. Kwa mlango niliouvunja kuna kondoo. Kwa kigingi hawajui, kwa hiyo hakuna.
Leo nilipopita alijifunika uso kwa leso, kwa aibu. Nilifurahi nusura nicheke. Ni yeye yule yule.

Alhamisi, 10 Agosti
Mkwe katia chumvi kwenye chai mara mbili. Anamwita Felisita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Jana alitoka kwenda msalani, akapotea, na choo kiko hatua ishirini. Tumerudi hospitali. Daktari alisema huja hivi wakati mwingine, mtu anapata nafuu, halafu wiki chache baadaye akili inateleza. Nilimuuliza kama kumtoa mle dakika chache mapema kungesaidia. Alisema hawezi kujua.
Naogopa. Nasema wazi hapa, kwa kuwa siwezi kusema kwingine.

Jumapili, 20 Agosti
Jua limetoka baada ya ibada. Felisita alimtolea mama kiti uani. Nilipita nikiwa nimeinamisha macho, kama inavyopasa.
Aliinuka. Akaja mpaka mbele yangu, akanyoosha mkono.
Felisita aligeukia kamba za nguo, akaanza kuanua nguo ambazo hazijakauka.
Miaka tisa ya ndoa, hajawahi kunipa mkono. Niliupokea. Mdogo, una joto. Alinitazama usoni bila aibu yoyote, akatabasamu, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamtajia jina la baba yangu. Akasema hamjui, ila lazima ni watu wazuri.
Hakuniachia. Akaniuliza kama nimekunywa chai.
Nikamwambia bado, Mama.