Kichaka cha Nyuma ya Nyumba, Ipuli

Baba, shikamoo.

Kichaka hakipo. Chote, mpaka mfereji. Kimefyekwa, na aliyesema pasafishwe ni mimi.

Ilikuwa kwa ajili ya arobaini yako. Nilikuwa bado Igalula, nikampigia simu baba mdogo: “Wageni watakuwa wengi, safisheni nyuma.” Nilifikiria mikeka na masufuria tu. Nilipofika nikazunguka nyumba, nikaona hadi ukuta wa jirani yetu, Mama Zaituni. Udongo mtupu, umefagiliwa. Majani yamechomwa. Baba mdogo anatabasamu, “Pamependeza, eh?” Nikakaa chini palepale. Watu wakadhani nakulilia wewe.

Wewe uliyekuwa ukisimamisha cherehani mvua za kwanza zikianza, nguo ya mteja ikiwa bado chini ya sindano: “Nyamaza. Kafika.” Ndege mdogo wa kahawia, anaimba humo ndani wala haonekani. Ulinieleza kwamba anakimbia baridi ya Ulaya, na kwamba bustani nzuri hazimsaidii. Anataka matawi yaliyosongamana, na chini majani yanayooza apekue wadudu. Nilipokuwa mdogo walikuja wengi. Nyumba zikaongezeka, vichaka vikaisha, mwaka jana tukamsikia mmoja. Mama Zaituni akilalamika kuhusu nyoka, ulimjibu kwa upole, “Huyu katoka mbali, dada. Atafikia wapi?”

Baba, jana ilinyesha. Leo asubuhi amekuja.

Nimemwona kwa macho yangu, mara ya kwanza maishani, kwa sababu hakuwa na pa kujificha. Alitua kwenye udongo. Akapekua, akahamia pembeni, akapekua tena. Hakuimba. Mimi nimesimama na ndoo mkononi. Kisha akaruka akavuka ukuta, akaingia kwenye magugu ya Mama Zaituni, yale aliyopanga kuyakata kesho. Mama Zaituni alikuwa anaanika nguo. Akaniuliza, “Ndiye yule wa marehemu?” Nikaitikia kwa kichwa. Akatazama magugu yake, akasema, “Basi kwangu hapakatwi.”

Visiki vyetu vimeanza kuchipua. Nimevizungushia miiba, mbuzi wasivile. Sijui vitachukua miaka mingapi, wala kama atarudi kuvikuta. Nakuahidi panga halitaingia tena pale nikiwa hai, na mwenye kutaka kufagia atafagia mbele.

Nisamehe, baba. Mungu akupumzishe.

Mwanao,
Mwajuma