Sakafu ya Karavani ya Madam

Oud Metha,
Dubai.
14 Novemba 2014

Mpendwa kaka Gervas,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo huko Makambako? Wifi Annah hajambo? Na mama, miguu imepungua kuvimba? Mimi mwili mzima, nakula nashiba, ila usingizi umenipa kisogo. Wewe uliyezoea kunicheka kwamba naogopa hata kuku mwenye vifaranga, safari hii cheka baada ya kumaliza kusoma.

Barua hii amekubali kuibeba Joha, yule dada wa Tanga anayefanya kazi hotelini Al Rigga. Anaondoka kesho kuja likizo. Kwenye simu sithubutu. Madam hajui Kiswahili, lakini siku hizi nikishika simu tu ananitazama mdomo.

Kisa chenyewe ni karavani. Ni nyumba ya magurudumu, ina kitanda, jiko na choo. Baridi ikianza, matajiri wa huku huikokota kwa gari hadi jangwani wakalale mchangani. Sisi kulala chini tumekukimbia, wao wanakufungia safari!

Msimu uliopita, wakati wa kurudi, ilinasa mchangani ikavutwa kwa nguvu mpaka ikalia kama imevunjika mgongo. Dereva wetu Nassir, Mzanzibari, aliingia chini yake akatoka rangi imemtoka. "Frida, chuma kimepasuka," akasema, "na mbao za juu yake zimeoza kwa maji ya sinki. Wallahi mimi sikuona kitu, na wewe hukusikia kitu." Madam akaita fundi. Badala ya kuchomelea kama ambavyo ungefanya wewe pale gereji kwako, alijaza puti kwenye ufa, akapiga rangi, akatandika zulia jipya. Basi, ikawa karavani ya kuuza.

Wiki jana akaja mnunuzi, mama mmoja wa Jebel Ali. Kabla hajaingia, madam akanishika mabega akanisimamisha kando ya kitanda na birika la kahawa. "Simama hapa, Frida. Usisogee. Mimina kahawa tu." Huku mgeni humiminiwa mpaka atikise kikombe kuonyesha ametosheka, kwa hiyo mtumishi kusimama wima muda wote hakumshangazi mtu. Nikahisi sakafu inabonyea chini ya nyayo zangu. Ndipo nikaelewa, kaka. Nimewekwa pale ili mgeni asipakanyage.

Nilikuwa nasubiri tu kusikia kraa, niende chini na kahawa yangu.

Yule mama alikuja na mtumishi wake, binti wa Kikenya anaitwa Damaris. Akakipigapiga kitanda akamwambia, "Tutaiweka uani. Wewe utalala hapa." Damaris akachangamka, maana sasa analala stoo, kando ya mashine ya kufulia. Pasipoti yangu anayo madam; akinikasirikia, kesho niko uwanja wa ndege. Lakini nilimtazama yule binti nikashindwa kunyamaza. Nikatabasamu kama ninayemsalimia, nikasema kwa Kiswahili, "Usilale humu. Hapa niliposimama pameoza, na chuma cha chini kimepasuka. Mwambie madam wako mkifika nyumbani." Naye akacheka kana kwamba nimemsifia kilemba. "Asante, dada. Nimeskia."

Nikarudi jikoni najipongeza. Nilijua wataachana nayo.

Juzi yule mama akarudi. Akaenda moja kwa moja hadi kando ya kitanda, akafunua zulia, akapabonyeza kwa ncha ya kiatu. Nilikuwa mlangoni, nashuhudia. Madam akanigeukia, akanitazama. Kisha wakaanza kuvutana bei. Ikashuka, ikashuka tena, wakacheka, khalas, wakakubaliana. Jioni karavani ikakokotwa kwenda Jebel Ali.

Tangu hapo madam hajaniuliza lolote, na huko kutoulizwa ndiko kunakonitisha. Kila akiniita nadhani ndiyo tiketi.

Jana madam akiwa anaoga, Damaris alinipigia; namba nilimwachia siku ile ya kahawa. Madam wake amemsifu sana kwa kumpatia nafuu ya bei, na kitanda kimeshatandikwa humo humo. Alikuwa ananong'ona. "Dada, siwezi kataa, ataniuliza nataka kulala wapi. Si uniambie tu, nilale side gani?"

Nilimwambia alale upande wa mlangoni. Kaka, nilibahatisha. Wewe unavijua vyuma. Ufa uko chini ya kitanda, umeelekea nyuma, kwenye magurudumu. Chuma kikipasuka namna hiyo, kinaanza kuachia wapi? Namba ya Damaris nimempa Joha akuletee. Mpigie yeye mwenyewe, usinisubiri mimi.

Nisalimie mama, wifi Annah na baba mdogo Naftali. Zedekiya mwambie shangazi hajamsahau. Mungu awalaze salama nyote hapo nyumbani. Na mkisali jioni, huyo binti mtajeni kwa jina lake.

Mimi mdogo wako nikupendaye,
Frida